Rekodi ya jinai ya kufundishia Korea: kwa nini karatasi ya Minnesota imekataliwa

Swali: Nilizaliwa Mombasa, nikaletwa Marekani nikiwa na miaka 10, na sasa ni raia wa huku. Shahada yangu nimeipatia hapahapa Minnesota. Nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye hagwon, zile shule za masomo ya ziada, huko Busan, Korea Kusini. Naanza mwanzoni mwa Machi. Walitaka ripoti ya rekodi ya jinai yenye apostili, yaani cheti cha kuifanya hati itambulike nchi nyingine, basi nikaenda BCA, idara ya upelelezi wa jinai ya jimbo, mjini St. Paul, nikapewa karatasi inayosema sina rekodi, nikaigongesha muhuri wa notari, kisha nikaitilia apostili ya jimbo. Shule imeirudisha, haikueleza sababu. Halafu lipo jambo linaloninyima usingizi: nikiwa na miaka 19 nilikamatwa kwa madai ya kuiba dukani, kesi ikafutwa. BCA haikuonyesha kitu. Je, FBI itaonyesha? Na Kenya nako nitafute cheti cha maadili mema? Sasa ni Oktoba, nimechelewa?

Jibu: Dada yangu, hujachelewa, lakini wiki hii usiiache ipite bure. Kosa ulilofanya hufanywa na watu wengi makini, kwa sababu karatasi ya jimbo inaonekana rasmi kabisa: ina muhuri, ina saini, ina apostili. Hebu itoe uliyonayo uisome upya.

Apostili yoyote duniani ina vipengele 10 vyenye namba, maana vimewekwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Kipengele cha 2 kinataja mtu aliyesaini hati, cha 3 kinataja cheo chake. Kwenye ile yako, jina lililoko kwenye kipengele cha 2 ni la notari uliyemlipa. Hapo ndipo penye tatizo. Apostili haisemi lolote juu ya yaliyoandikwa ndani ya hati. Inathibitisha saini, basi. Kwa hiyo ulichopeleka Busan ni ujumbe kutoka jimbo la Minnesota unaosema kwamba notari fulani ni notari halali. Kuhusu rekodi yako ya jinai, serikali ya Marekani haijasema neno.

Kwa viza ya E-2, ambayo ndiyo ya walimu wa lugha, Korea inadai ripoti inayohusu taifa zima, iliyosainiwa na mamlaka ya taifa, na apostili inayothibitisha saini hiyohiyo. Kwa raia wa Marekani ripoti ya namna hiyo ni moja tu, ya FBI, na apostili yake hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani mjini Washington. Jimbo halina uwezo wa kuthibitisha saini ya afisa wa FBI, hata ukiomba kwa magoti. Ukisikia mtu anakwambia "peleka nakala ya FBI kwa notari, kisha jimboni, ni haraka zaidi," anakurudisha palepale ulipokwama.

Ukali huu una chimbuko lake. Oktoba 2007 mwalimu raia wa Kanada aliyekuwa akifundisha Korea alikamatwa Thailand kwa kuwadhulumu watoto kingono, baada ya Interpol kuitangazia dunia nzima sura yake. Kabla mwaka huo haujaisha, Korea ilianza kudai rekodi ya jinai na uchunguzi wa afya kwa kila mwombaji wa E-2. Mwanzoni hati za jimbo zilipita, ndiyo maana bado utakutana na ushauri wa zamani unaokutuma BCA. Mtu huweza kuwa safi kwenye jimbo moja na kuwa na hukumu kwenye jimbo la pili, na hati ya jimbo haitaiona. Kwa mzazi wa Busan anayekukabidhi mwanawe wa miaka sita, hilo ni pengo kubwa, na sioni ubaya wa kuzibwa kwake.

Kuomba FBI

Jina rasmi la hati unayoiomba ni Identity History Summary. Kwenye fomu za Korea utaikuta imeandikwa kwa kifupi CRC. Ada ya FBI ni dola 18. Njia ziko tatu. Unaweza kutuma kila kitu kwa barua hadi kituo cha FBI kilichoko Clarksburg, West Virginia. Hiyo huchukua wiki nyingi, achana nayo. Unaweza kuomba mtandaoni moja kwa moja kwa FBI, ulipe, upokee barua pepe yenye namba ya ombi lako, kisha uende nayo posta inayotoa huduma ya alama za vidole wakupige kwa mashine. Posta hutoza ada yake kando, karibu dola 50, na majibu huja kwa barua pepe, mara nyingi ndani ya siku chache. Ya tatu ni kupitia kampuni zilizoidhinishwa na FBI kupokea maombi, ambazo huhudumia raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Hizo nazo ni za haraka, ila bei yao ni zaidi.

Mimi ningekupeleka njia ya pili. Inakupa hati kutoka FBI yenyewe bila mtu wa kati, na mashine ya posta inakuepusha na wino. FBI haina foleni ya haraka ya kulipia, kwa hiyo atakayekudai pesa "za kuharakisha FBI" usimpe.

Unapojaza, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti ya Marekani, herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wetu wanapojikwaa sana. Mtu wa Pwani ana majina matatu, lake, la baba na la babu. Akifika Marekani la kati linaachwa au linaunganishwa, akiolewa linaongezwa lingine, siku ya uraia linabadilishwa tena. FBI inamtafuta mtu kwa vidole vyake, jina likikosewa jibu bado litakuwa sahihi. Lakini afisa wa uhamiaji wa Busan hana vidole vyako mezani. Ana pasipoti na karatasi, naye akiona "Ali Omar" hapa na "Omar" peke yake pale, anairudisha. Majina ya zamani yaweke kwenye sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, usiyaache.

Ukipata faili la majibu, lipakue na kulihifadhi mara moja, kurasa zote, usiache hata ule ukurasa wa barua ya utangulizi. Hakikisha lina muhuri wa FBI na saini ya afisa, kwa maana saini hiyo ndiyo Wizara itakayoithibitisha. Kama huna kumbukumbu yoyote, litasema kwamba alama zako zimetafutwa na hakuna taarifa za kukamatwa zilizopatikana, likiongeza kwamba jambo hilo halizuii kuwepo kwa rekodi za jimbo au za mtaa. Nyongeza hiyo ni ya kawaida, iko kwa kila mtu.

Jambo jingine kwako wewe uliyepata uraia kwa kuomba: FBI yenyewe inaeleza kwamba ripoti huweza kubeba taarifa za uraia, za kazi serikalini na za jeshi, kwa kuwa nazo zilitokana na alama za vidole. Ukiona mstari unaotaja maombi yako ya uraia, usitaharuki. Si kosa la jinai. Ila mwambie mwajiri wako mapema mstari huo ni wa nini, asije akauona mara ya kwanza akiwa peke yake na karatasi ya Kiingereza.

Vidole vyenyewe

Alama zisizosomeka hurudisha maombi mengi, na FBI hairekebishi; inakataa, nawe unapigwa upya. Wanaoathirika ni wale wanaonawa mikono mara arobaini kwa siku au kushika dawa za usafi: wauguzi, wasaidizi wa nyumba za wazee, wafanya usafi, wasusi. Mistari ya ngozi inalika. Kama kazi yako ni mojawapo, paka mafuta mazito mikononi kila usiku kwa wiki nzima kabla ya kwenda, na vaa glavu kazini. Asubuhi ya kwenda usipake chochote, maana mafuta hujaza mifereji kati ya mistari, mashine ikaona doa tu. Na kama kuna harusi karibuni, piko na hina ya kujaza ncha za vidole ingoje hadi umalize. Rangi nzito juu ya ncha huweza kuisumbua mashine.

Ukilazimika kutumia kadi ya wino, fomu ni FD-1164 au FD-258. Kila kidole kiviringishwe kutoka ukingo wa kucha hadi ukingo wa pili, si kugandamizwa tu; halafu chini ya kadi huwekwa vidole vinne kwa pamoja vya kila mkono, na dole gumba. Wino ukiwa mwingi mistari hugandana, ukiwa kidogo hukatika. Mwombe fundi akupige kadi mbili au tatu siku hiyohiyo, uzitume zote pamoja. Kadi usiikunje.

Ile kesi ya miaka 19

Sasa tufike kwenye jambo linalokuumiza. Kwanza, usijipe moyo kwa sababu ya karatasi ya BCA. Rekodi ya wazi ambayo Minnesota humpa mtu yeyote huonyesha hukumu tu, tena za miaka 15 tangu adhabu kumalizika. Kukamatwa kusikoishia kwenye hukumu hakumo humo. Kwa hiyo ukimya wa BCA haukuambii FBI ina nini.

FBI nayo haikusanyi habari kwa majina wala kwa magazeti. Rekodi yake hujengwa na alama za vidole zilizotumwa na polisi. Jiulize: siku ile ulipelekwa kituoni ukapigwa alama, au mlinzi alikushika, polisi akaja akakupa karatasi ya kuitwa mahakamani ukaenda zako nyumbani? Ikiwa hukupigwa alama, wala hukuitwa baadaye kupigwa kwa ajili ya kesi hiyo, hakuna kitu cha kuingia FBI. Ikiwa ulipigwa, tarajia kukuta tarehe, jina la kituo na shtaka.

Tatizo kubwa hapa silo shtaka. Ni ile nafasi ya pembeni yake, ya hatima ya kesi, ambayo mara nyingi huwa tupu. Polisi walituma habari za kukamatwa siku hiyohiyo. Mahakama ilipoifuta kesi miezi kadhaa baadaye, habari hazikufika, au zilifika jimboni zikaishia hapo. Basi mtu asiye na hatia anaonekana mwenye kesi inayoendelea. Ofisa anayeisoma hawezi kujua, na asiyejua hukataa.

Ndiyo maana nakusihi uombe FBI leo, hata kabla hujaandika barua nyingine Busan. Ukiona nafasi tupu, yapo mambo mawili ya kufanya kwa wakati mmoja. Nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti iliyosikiliza kesi, omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi unaoonyesha kesi ilifutwa, yenye muhuri na saini yake. Kisha wasilisha FBI ombi la kusahihisha rekodi, ukiambatisha nakala hiyo. Huduma hiyo haina ada, na kwa kawaida jibu huchukua siku 45 hivi. Unaweza pia kupitia BCA, kwa kuwa ndiyo inayotunza rekodi za jimbo na kuzituma FBI. Rekodi ikisahihishwa, unaomba ripoti mpya kwa dola 18 nyingine, na hiyo mpya ndiyo unayoipeleka kwenye apostili.

Na kuifuta kabisa je? Sheria ya Minnesota inaruhusu kesi iliyoisha kwa faida ya mshtakiwa kufungwa isionekane, na tangu 1 Januari 2025, chini ya sheria iitwayo Clean Slate, baadhi ya rekodi hufungwa zenyewe bila mtu kufungua maombi. Jimbo likiifunga na kuijulisha FBI, FBI nayo huiondoa. Lakini mashine hiyo haiendi kwa kasi ya kalenda yako. Kama ripoti itatoka na mstari ule bado upo, nakala ya mahakama ndiyo itakayokuokoa Machi hii. Kuifunga rekodi endelea nako polepole kwa ajili ya miaka ijayo.

Usifiche. Fomu za shule na za viza zisome neno kwa neno, kwa kuwa kuulizwa kama umewahi *kutiwa hatiani* si sawa na kuulizwa kama umewahi *kukamatwa*. La kwanza, jibu lako la kweli ni hapana. La pili ni ndiyo, na unaeleza kwa sentensi tatu: mwaka, shtaka, kesi ilifutwa, nakala imeambatishwa. Machozi na hadithi ndefu havihitajiki. Kesi iliyofutwa ya wizi mdogo wa ujanani hujadilika, hasa kwenye shule binafsi ambayo mwenyewe keshakutaka. Ambazo hazijadiliki ni hukumu za makosa ya kingono, ya ukatili kwa watoto, na ya dawa za kulevya. Kwa dawa Korea haina mzaha hata kidogo: bangi iliyohalalishwa Minnesota tangu Agosti 2023 ni jinai huko, na baada ya kuwasili utapimwa. Programu ya serikali iitwayo EPIK, inayopeleka walimu shule za umma, ni kali kuliko hagwon. Ukitaka kuhamia huko siku za usoni, rekodi yako iwe imeshasafishwa.

Washington

Ripoti ikiwa sawa, ichapishe kwenye karatasi nyeupe safi. Usiipeleke kwa notari. Nasisitiza: notari akiigusa hati ya serikali kuu ameiharibu, Wizara huikataa. Jaza fomu DS-4194, na kwenye nafasi ya nchi itakayotumika andika Korea Kusini. Nchi hiyo ndiyo inayowaambia watoe apostili au cheti cha namna nyingine. Ada ni dola 20 kwa kila hati. Weka na bahasha ya kurudishia yenye anwani yako, iliyokwisha lipiwa, yenye namba ya kufuatilia, kisha utume kwenye anwani ya barua iliyoko kwenye fomu, huko Sterling, Virginia.

Kwa barua, hesabu wiki 5 na zaidi tangu waipokee. Anayeipeleka mwenyewe dirishani Washington huipata kwa siku 7 za kazi. Zipo kampuni za mjini huko zinazokupelekea na kukuchukulia. Kazi yao ni halali na inaweza kukusaidia ukibanwa, mradi uelewe kwamba unachonunua ni miguu yao tu. Ikirudi, soma vipengele tena: cha 2 na cha 3 viwe na jina na cheo cha afisa wa FBI, cha 5 kiseme Washington, D.C., na mtoaji awe Wizara ya Mambo ya Nje. Ukiona jina la notari au la jimbo, usiitume.

Fanya apostili mbili. Ukishakuwa na faili, kuchapisha nakala ya pili ni senti chache na ada yake ni dola 20. Nakala halisi inayokwenda Korea haikurudii, na kifurushi kimoja kikipotea Desemba umepoteza kazi. Tena apostili hushikanishwa na ripoti kwa pini au rivi. Usiitoe ili uskani vizuri, hata kama shule imekuomba nakala ya mtandaoni kwanza. Kunja ukurasa uupige picha. Pini iliyotolewa na kurudishwa huacha matundu mawili, na ofisa akiyaona anauliza ulibadilisha nini.

Kalenda yako

Ripoti huhesabiwa kuwa hai kwa miezi 6 tangu tarehe ya kutolewa na FBI, si tangu tarehe ya apostili. Hilo huwakosesha wengi walioomba mapema mno wakaitunza kabatini. Kwako, ukipigwa vidole katikati ya Oktoba, ripoti itakuwa hai hadi katikati ya Aprili, inatosha. Mwishoni mwa Oktoba bahasha iende Sterling. Kwa barua irudi mwanzoni au katikati ya Desemba. Ndani ya wiki moja ifike Busan kwa kampuni ya usafirishaji yenye kufuatiliwa. Shule ndiyo inayopeleka makaratasi uhamiaji wa huko kuomba namba ya idhini ya viza; weka wiki mbili, maana Mwaka Mpya unaingia katikati. Ukipewa namba hiyo unaomba viza kwenye ubalozi mdogo wa Korea ulioko Chicago, ambao ndio unaohudumia Minnesota. Hapo utakuwa umebaki na kama mwezi mmoja mkononi.

Mwezi huo ndio utakaomezwa na zile siku 45 iwapo rekodi itahitaji kusahihishwa. Ikitokea hivyo, tumia kampuni ya kupeleka dirishani Washington, utarudisha karibu wiki nne. Chunga pia Seollal, Mwaka Mpya wa Kikorea, unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari: ofisi hufungwa siku kadhaa.

Kenya, na nchi nyingine

Korea inadai ripoti ya nchi ambayo unatumia pasipoti yake. Uliondoka Mombasa na miaka 10, unaomba kama Mmarekani. Cheti cha Kenya hakihitajiki. Wala usiombe E-2 kwa pasipoti ya Kenya kama ungali nayo, kwa sababu viza hii, kwa walimu wa Kiingereza, hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Ila tunza ushahidi wa shule ulizosoma Minnesota tangu darasa la saba. EPIK humtaka aliyezaliwa kwingine aonyeshe kwamba amesoma tangu ngazi hiyo katika nchi ya Kiingereza na kuishi huko miaka 10 au zaidi, na umri ulioingia nao Marekani unakuruhusu.

Mambo hubadilika ukienda kwingine. Shule za kimataifa na waajiri wengi wa Ghuba huuliza kila nchi uliyoishi utu uzimani, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi Dubai miaka mitatu atatafuta hati ya polisi ya huko pia. Njia ya uthibitisho nayo hutegemea uendako. Oman imo kwenye mkataba wa apostili tangu 2012, Saudi Arabia tangu Desemba 2022, China tangu 7 Novemba 2023. Falme za Kiarabu hazimo, hivyo hati ya FBI hupata cheti cha Wizara kisha hupitia ubalozi wao Washington. Kanada iliingia 11 Januari 2024. Jamaa wa Toronto akikwambia lazima apitie ubalozi mdogo wa Korea, anakumbuka utaratibu wa zamani.

Kama siku moja utahitaji cha Kenya, huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, ada ikiwa shilingi 1,050, na alama za vidole hupigwa kwenye fomu C24. Fomu hiyo ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja; ukileta karatasi mbili unarudishwa. Aliyeko nyumbani hupigwa vidole Huduma Centre au ofisi za DCI.

Limebaki la shahada. Ile safari yako ya notari na ofisi ya jimbo haikuwa ya bure kabisa, kwa sababu shahada hupita njia ileile uliyopitisha karatasi ya BCA: nakala yake inathibitishwa na notari, kisha apostili inatoka jimboni, St. Paul, wala Washington haihusiki. Ifanye wiki hizi ripoti ikiwa njiani, ziende Busan kwenye bahasha moja. Nakala ya mahakama, ikihitajika, nayo hupata apostili ya jimbo, juu ya saini ya karani. Na ukifika, shule itakupa fomu ya kuridhia ukaguzi wa rekodi za makosa ya kingono na ya kudhulumu watoto ndani ya Korea kwenyewe. Kila anayefanya kazi na watoto huko huisaini, Wakorea kwa wageni. Isaini siku hiyohiyo, kwa sababu bila majibu yake mwalimu mkuu hatakiwi kukuingiza darasani.